Pembetatu Isiyochoreka

Mwalimu wa hisabati anachora pembetatu ubaoni bila rula. Upande mmoja umepinda kidogo, mistari ina unene wa chaki, ncha hazikukutana sawasawa. Ukizipima pembe zake kwa kipimapembe huenda ukapata digrii 179, au 181. Hata hivyo atathibitisha mbele ya darasa kwamba jumla yake ni 180 kamili, na kwamba ndivyo ilivyo kwa kila pembetatu, hata zile ambazo hakuna atakayezichora kamwe.

Ufundi huu ni wa kale. Euclid aliuweka katika kitabu cha kwanza cha Elements, hoja ya 32, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Anachora pembetatu ABC. Anaurefusha upande BC hadi D. Kisha kutoka C anapiga mstari CE, sambamba na AB. Mistari miwili tu, kazi imekwisha: pembe ya A imepata mwenzake kati ya CA na CE, pembe ya B imepata wake kati ya CE na CD, na ya C haikuondoka mahali pake. Zote tatu zimekaa bega kwa bega juu ya mstari mnyoofu.

Sasa angalia alichonyamazia. Hakutaja upande ulio mrefu zaidi. Hakuuliza kama kuna pembe butu. Pitia hatua zote, hutakuta hata moja inayoegemea umbo lile lililochorwa.

Basi hoja hiyo inahusu pembetatu ipi? Swali hilo liliwagawa wanafalsafa. John Locke, katika kitabu chake cha mwaka 1690, alisema dhana ya jumla ya pembetatu ni ngumu kuiunda, kwa kuwa haipaswi kuwa na pembemraba, wala pande sawa, wala pande zisizolingana. Iwe yote hayo, na isiwe hata moja. Mwaka 1710 George Berkeley wa Ireland akamwomba msomaji aitafute pembetatu ya namna hiyo akilini mwake. Haipo. Kwa Berkeley, pembetatu moja mahsusi inatosha kusimama badala ya zote, maadamu umahsusi wake haukuingizwa katika uthibitisho. Katika toleo la 1734 akaongeza kwamba mtu anaweza kulitazama umbo kama pembetatu tu, asijali pande zake.

Kwangu mimi Berkeley ndiye aliyelenga, kwa sababu alitazama jinsi kazi inavyofanyika. Fikra ya jumla hupatikana kwa kujizuia: jicho linaona mengi, hoja inatumia machache, na inajua ni yapi. Kwa mfano, Euclid anahitaji bapa. Juu ya tufe, pembetatu inayotoka Ncha ya Kaskazini, ikafuata robo ya ikweta na kurudi, ina pembemraba tatu, yaani digrii 270.

Walimu wetu, msiwakaririshe watoto ile 180 kabla hawajachora pembetatu mbovu kwa mikono yao na kuupiga wenyewe mstari CE.