Fundi wa Sweta na Shingo Yako

Julai, Arusha haina utani. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Mlima Meru hujifunika mawingu mpaka mchana, na watoto huenda shule wamevaa masweta yaliyofumwa mtaani. Anayeyafuma mara nyingi ni mama mwenye mashine ya mkono, anayesukuma mpini wake kulia na kushoto juu ya safu ya sindano kutwa nzima. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, hasa kwa namna anavyoijali shingo ya mtu.

Sweta la sufu huwasha, na wengi hudhani ngozi yao imelikataa. Mara nyingi kosa ni la ncha. Uzi wa sufu ni nywele nyingi za kondoo zilizosokotwa pamoja, na ncha zake hutokeza nje. Unywele mwembamba ukigusa ngozi hupinda ukalala. Mnene, wa kuanzia maikroni 30 hivi, hukaza ukachoma, na mishipa ya fahamu inayopokea maumivu ikaamka. Nywele nene zikifika tano tu katika mia, wengi hawalivumilii sweta hilo bila shati ndani. Jasho nalo huchochea, maana ngozi iliyolowa huchomeka upesi.

Ajabu ni kwamba tumezungukwa na kondoo! Lakini kondoo mwekundu wa Kimasai ana manyoya mafupi kama ya mbuzi; nyama na mafuta ya mkia anatupa, sufu hana. Kwa hiyo fundi wetu hufuma zaidi nyuzi za akriliki za kiwandani, na anayetaka sufu yenyewe, tuseme mpagazi wa Meru anayejua kwamba sufu hutia joto hata ikilowa, huichakura kwenye mitumba.

Fundi mzuri hapimi uzi kwa kiganja. Kiganja hudanganya: ngozi yake ni nene, haisikii ncha hizo. Yeye huusugua uzi shingoni mwake, akanyamaza kidogo, ndipo anunue. Kola huifuma kwa ulegevu na kuikunja mara mbili, na miisho ya uzi huificha mbali na kisogo. Kazi hiyo haionekani, wala hakuna mteja anayeiulizia.

Basi ukienda kwake, lijaribu sweta shingoni kabla ya kuuliza bei. Likitulia, mlipe anachotaja. Usimkate bei kama unanunua nyanya.