Magadi katika Damu ya Farasi

Damu ya farasi aliyepumzika huwa na pH ya takriban 7.4, yaani imeelemea kidogo upande wa alkali. Kinachoishikilia hapo hasa ni bikaboneti, kemikali iliyomo pia katika magadi ya Ziwa Natron, yale yanayolainisha makande katika nyumba nyingi za Arusha. Farasi anapokimbia kwa kasi yote, misuli huvunja sukari bila kungoja oksijeni. Ioni za hidrojeni hujaa, tindikali hupanda, na misuli huishiwa nguvu. Bikaboneti huzidaka ioni hizo na kuzigeuza maji na hewa ukaa, ambayo hutolewa na mapafu.

Hila ilizaliwa hapo. Saa chache kabla ya mbio, mrija hupitishwa puani mwa farasi hadi tumboni, kisha humiminwa mamia ya gramu za bikaboneti iliyoyeyushwa katika maji, mara nyingi pamoja na sukari. Akiba ya damu huongezeka na uchovu huchelewa. Hatari yake ni kubwa: mrija ukiingia njia ya hewa, maji hayo humwagika mapafuni na mnyama anaweza kufa.

Kuinasa hila hiyo si kazi ya kutafuta sumu ngeni, kwa kuwa kila farasi ana bikaboneti mwilini. Kinachopimwa ni kiasi. Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa shingo, kwa kawaida kabla ya mbio, kwani mbio zenyewe huipunguza bikaboneti na kuficha ushahidi. Chupa hufungwa kabisa na kuwekwa kwenye ubaridi. Ikivuja, hewa ukaa hutoroka na kipimo husoma chini. Maabara hutenga utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu, huutia asidi ili bikaboneti yote igeuke hewa ukaa, kisha huipima hewa hiyo. Farasi wengi husoma karibu na milimoli 30 kwa lita. Ukomo wa Shirikisho la Kimataifa la Mamlaka za Mbio za Farasi ni milimoli 36. Mwenye farasi akidai kwamba mnyama wake ana kiwango kikubwa kwa maumbile, farasi anaweza kuwekwa chini ya ulinzi na kupimwa upya: kiwango kikishuka, dai limeanguka.

Maji ya Mlima Meru, karibu na Arusha, nayo hayatoshi kuwa utetezi. Chemchemi nyingi za mlima huo hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba sodiamu, bikaboneti na floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Maji yakiwa na gramu 1 ya bikaboneti kwa lita, farasi anayekunywa lita 30 kwa siku hupata gramu 30, tena kidogokidogo, huku figo zikiitoa ziada kwenye mkojo. Kiasi hicho hakilingani na mamia ya gramu yanayoingia kwa mkupuo mmoja.

Mwinuko nao hausaidii utetezi. Jiji la Arusha liko kwenye mita 1,400 hivi, na uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, uko juu zaidi ya mita 1,700. Penye hewa nyepesi mnyama huhema zaidi, hewa ukaa hupungua mwilini, na figo huachia bikaboneti ili kurudisha mizani. Kwa hiyo mwinuko, kama una athari, huvuta kipimo chini.

Pengo la ukomo liko upande wa pili. Farasi ambaye kwa kawaida husoma 28 anaweza kuongezwa hadi 35 na bado akaonekana safi. Pengo hilo huzibwa kwa njia mbili: kulinganisha kila kipimo na rekodi za nyuma za farasi huyohuyo, na kupiga marufuku mrija wenyewe siku ya mbio, hata kama damu haijavuka 36.