Harusi Ndiyo Iliyoniliza

Kuna watu watakuambia Naruto Shippuden iliisha pale Naruto na Sasuke walipobaki na mkono mmoja mmoja, eti harusi iliyofuata ni ya kujaza muda. Nakataa. Vita vile sikuvililia. Vilivutwa mno, kumbukumbu juu ya kumbukumbu. Kilichonimaliza ni episodi ya 500, Machi 2017: Naruto, yatima, anamwomba mwalimu Iruka asimame kama baba yake harusini. Huyu Iruka alimkubali tangu episodi ya kwanza, 2002, wakati kijiji kizima kilimtenga. Manze, hiyo ni safari ya episodi 720. Katikati yake mimi nimeingia chuo na kutoka bila karatasi.

Episodi hizo za mwisho hazina adui wa maana. Ni marafiki wanahangaika na zawadi, kama kamati ya harusi ya hapa kwetu, bila michango. Hapo ndipo unashtuka kwamba unaaga majirani.

Shida yangu ni Boruto. Hata wiki mbili hazikuisha, tushaletewa mtoto. Si mngetuachia matanga kwanza? Mpaka leo sijafungua episodi yake ya pili.