Nani Aliyeiua Kanzidata?

Kanzidata ikifa bila kuacha neno, lawama huiangukia yenyewe. Fundi anaifuta, anaisakinisha upya, anabadilisha toleo, na mwisho wa mwezi inakufa tena.

Tuchukue mfano wa kubuni: ofisi ya mizani ya magogo Mgololo, wilayani Mufindi, jirani na kiwanda cha karatasi. Ina seva moja ya Ubuntu yenye RAM ya GB 8. MySQL inatunza uzito wa kila lori, na programu ya Java inawapa makarani skrini ya kujazia. Java na MySQL kukaa kwenye mashine moja si jambo geni kwetu. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, umejengwa juu ya hizo hizo mbili.

MySQL hiyo ikikutwa imekufa, soma logi yake kabla ya kuwasha chochote. Ikiwa imekatika katikati bila kosa lolote, hiyo yenyewe ni dalili: programu iliyopigwa ishara ya 9 haipewi nafasi ya kuandika. Hitilafu ya ndani ya MySQL kwa kawaida huacha ishara ya 11 na mlolongo wa anwani za kumbukumbu. Umeme ukikatika, logi ya mfumo endeshi nayo hukatika, na seva huanza kuhesabu muda upya. Sasa andika journalctl -k, utafute maneno "Out of memory". Yakiwepo, na jina mysqld, yaani mchakato wa MySQL, liko karibu, aliyeua ni Linux.

RAM ikiisha, keneli ya Linux huua mchakato mmoja ili mashine isigande, na kwa kawaida huchagua unaokula RAM nyingi kuliko mingine. Kwenye seva kama hii mlaji huyo ni MySQL, hata kama chanzo ni ripoti ya mwezi iliyovuta jedwali zima ndani ya Java wakati nakala rudufu nayo inachukuliwa.

Kilichobaki ni hesabu. Mtu aliweka innodb_buffer_pool_size, yaani RAM ambayo MySQL hutenga kwa data yake, GB 6, akifuata kanuni ya asilimia 75 ya RAM yote. Kanuni hiyo ni ya seva isiyo na mpangaji mwingine! Java ikichukua GB 2, zimekwisha zote, na mfumo endeshi haujapata kitu, wala miunganisho, ambayo MySQL huruhusu hadi 151 usipobadilisha. Shusha innodb_buffer_pool_size hadi GB 3, ifungie Java GB 2 kwa -Xmx, tenga swap, na nakala rudufu ihamie saa nyingine.

Wapo wanaoikinga MySQL isichaguliwe na keneli, kwa OOMScoreAdjust=-1000. Siukubali ushauri huo hapa. Keneli itaigeukia Java, na karani atabaki na skrini nyeupe vilevile.

Kagua pia aina ya majedwali. InnoDB ikiuawa hujirekebisha inapowaka, kwa kusoma redo logi yake. MyISAM haina redo logi, kwa hiyo jedwali lolote la namna hiyo lihamishie InnoDB kabla ya ripoti ya mwezi ujao.