Herufi Ndogo Chini ya Barua

Ukibahatika kupata barua ya zamani ya ofisi hapa Uvira, ya enzi zile Uvira ilipoitwa zone na fedha yetu ikaitwa zaire, usianze kuisoma kutoka juu. Shuka moja kwa moja hadi chini, pembeni kushoto. Utakuta herufi kubwa mbili au tatu, kistari cha mshazari, kisha herufi ndogo mbili. Zile kubwa ni za mkubwa aliyetoa maneno. Zile ndogo ni za daktilo aliyeyapiga kwenye mashine. Mkubwa alikuwa na sahihi na muhuri wake. Daktilo hakuwa na muhuri, ila herufi zake mbili zilikuwa pale. Barua ikitoka na kosa, kila mtu alijua aende kubisha mlango gani.

Nimewafahamu madaktilo kadhaa katika mji huu, na mmoja nimekaa karibu naye saa nyingi. Baada ya kustaafu ofisini aliweka meza yake kivulini chini ya mwembe, karibu na mahali watu wanapopanga mstari kutafuta vyeti. Mashine yake ilikuwa Olympia nzito, ya kibao cha Kifaransa kinachoanza na A na Z, chenye é na ç mahali pake, na tarakimu zinazotaka ubonyeze kwanza kitufe cha herufi kubwa. Umeme wa Ruzizi ukikatika, na hapa hukatika bila kuaga, vibanda vyote vya jirani vilinyamaza. Yeye aliendelea.

Mtu asiyekaa karibu na mashine hudhani kazi ile ilikuwa ya kasi ya vidole. Kasi ilikuwepo, lakini ufundi wenyewe ulikuwa katika uzito wa mkono. Karatasi nzuri iliwekwa juu, chini yake karboni, kisha pelure, ile karatasi nyembamba inayoonyesha mwanga, tena karboni, tena pelure, hata nakala nne au tano kwa mpigo mmoja. Kidole kikiwa chepesi, nakala ya mwisho hutoka ukungu mtupu. Kikiwa kizito, herufi o hutoboa karatasi ya juu, na barua ya mkubwa hujaa vitundu. Na vidole havilingani nguvu: kidole kidogo cha kushoto, ambacho ndicho kinachopiga a, ni dhaifu kuliko vyote, na a ndiyo imejaa katika Kiswahili chetu na katika majina yetu. Mzee huyo alikizoeza kidole kile tangu shuleni, katika seksheni ya biashara, hadi a yake ikawa nyeusi sawasawa na t yake. Nilizipima nakala zake mara nyingi nikiziinua kwenye jua la ziwani. Hungeweza kusema herufi ipi ilipigwa na kidole kipi.

Kosa nalo lilikuwa na bei. Kufuta kwenye karatasi ya juu kulitaka raba ngumu au ncha ya wembe, kukwangua pole pole bila kuchubua, kisha kuzifuta pelure moja moja, kisha kurudisha karatasi zote mahali pake bila kusogea hata unywele. Makosa mawili katika ukurasa mmoja, na daktilo mwenye kujiheshimu aliuvuta ukurasa wote akaanza upya. Kwa sababu hiyo ofisi nzima ilijifunza kufikiri kabla ya kusema. Mkubwa hakuweza kubadili mawazo mara saba. Alikaa na rasimu yake ya mkono, akaisoma, akaisahihisha, ndipo akaipeleka. Utulivu wa barua zile, zile sentensi zilizojua zinakokwenda, sehemu kubwa yake naamini ilitokana na woga wa kumrudia daktilo na kumwambia aanze tena.

Lakini kitu ninachokienzi kuliko vyote katika kazi yake hakikuwa ndani ya mashine. Kilikuwa ni namna alivyouliza jina.

Mtu alikuja, tuseme mama mmoja anayetafuta hati ya kuzaliwa kwa mtoto wake. Mzee hakugusa mashine. Alichukua kipande cha karatasi na kalamu. "Mama, jina la mtoto." Mama analitaja. "Kwenye karatasi ya ubatizo waliliandika namna gani?" Mama hajui, au anaitoa karatasi yenyewe kwenye kitambaa. "Ni la mzee gani katika ukoo? Yeye alikuwa anajiandika namna gani?" Hapo tu ndipo alipoliandika kwa kalamu, herufi kubwa zilizoachana, akaligeuzia kwa mama. Kama mama hajui kusoma, alilisoma yeye kwa sauti, silabi kwa silabi, akingoja kichwa kiitikie. Waliokuwa nyuma kwenye mstari walinung'unika. Hakuwasikiliza. Siku moja kijana mmoja alimwambia, "Papa, ni jina tu, andika twende." Alimjibu bila kuinua macho: "Mwanangu, hili jina nitaliacha hapa mezani. Yeye atatembea nalo hadi kaburini."

Anayeijua Uvira anaelewa kwa nini. Majina yetu ni ya Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kinyindu, na mengi yamevuka maji na nyanda kutoka kwa majirani. Masikio husikia l, mkono huandika r. Huyu anaweka w, yule anaweka u. Hata mto wetu mkubwa sisi twaandika Ruzizi, na ndugu zetu wa Burundi wanaandika Rusizi. Mto hauulizwi karatasi pale mpakani Kavimvira. Mtu anaulizwa, na herufi ya cheti isipolingana na herufi ya kadi ya uchaguzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kitambulisho cha wengi wetu, safari ya Bujumbura inaishia hapo. Mtoto akifaulu mtihani wa taifa, diploma inafuata jina lililoandikwa shuleni, na shule ililifuata jina la cheti. Kosa la herufi moja likiingia mwanzoni huzaa makosa mengine kwa miaka ishirini.

Kazi ya karani imelea watu wakubwa katika nchi hii. Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, Kisangani ya leo, kabla dunia haijalijua jina lake. Wakubwa wa Kibelgiji walidhani wanamfundisha Mkongo kunakili tu, na kumbe walikuwa wanamfundisha nguvu ya karatasi.

Na karatasi za hapa zimeteseka. Mei 1964 waasi wa Soumialot waliuteka mji huu. Oktoba 1996 vita vingine vikaupitia, navyo vikafuatwa na vingine. Kila mara maofisi yalivunjwa, makabati yakamwagwa nje, faili zikawa za kuwashia moto. Kilichookoka mara nyingi ni pelure: nakala iliyokuwa imekwisha kupanda Bukavu kwa njia ya milimani, au ile aliyobaki nayo mwenye barua, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia. Nakala ya nne, ya tano. Ile ambayo mkono mvivu ungeiacha isisomeke.

Siilaumu kompyuta. Inaweza kufanya yote aliyoyafanya mzee na zaidi, na mwenye macho mabovu kama mimi huishukuru kila siku kwa kukuza herufi. Tangu Machi 2023 Kongo ina sheria yake ya mambo ya kidijitali, na maandishi ya kielektroniki yanatambulika mbele ya sheria. Ni jambo jema. Ninacholalamikia ni kwamba tuliichukua mashine mpya tukauacha ufundi pale pale chini ya mwembe, kana kwamba ulikuwa ni sehemu ya chuma.

Tazama kazi inavyofanyika sasa. Kijana ana faili moja aliyoihifadhi, barua ya kuomba kazi au hati ya umoja wa wakulima. Mteja anapokuja, anaifungua, anafuta jina la mteja wa jana, anaweka la leo, anabonyeza, printa inalia, mia kadhaa za faranga, anayefuata. Mara ngapi nimesoma barua ambayo juu mwombaji ni mwanamke wa Kalundu, na katika aya ya tatu amegeuka kuwa mwanamume aliyezaliwa Fizi? Chini ya majina yetu yote kioo huchora mstari mwekundu. Mashine iliyoundwa mbali inaambia kila Mfuliiru na kila Mbembe kwamba jina lake ni kosa la kuandika, na kijana mwenye haraka, akiona wekundu, hubonyeza akubali pendekezo. Kijana huyu ana akili nyingi. Wenzake wengine wanafungua simu iliyokufa na kuifufua kwa sindano na waya. Hakuna aliyemwambia kwamba jina huulizwa kabla ya kuandikwa. Na hakuna anayemtaka aweke herufi zake chini ya ukurasa.

Aprili 2020, mto Mulongwe ulipovunja kingo zake usiku na kuzoa nyumba, watu na mali, maelfu walibaki na nguo za mwilini. Miezi iliyofuata mji mzima ulikuwa unatafuta karatasi zake: hati za kuzaliwa, za ndoa, za viwanja. Zikaandikwa mbio mbio, kwa flashi iliyokuwa inapita kutoka kibanda hadi kibanda. Makosa ya miezi ile tunaishi nayo hadi leo.

Mama mmoja wa mtaani kwetu ni mmoja wa waliopata cheti cha mtoto namna hiyo. Jina lake la ukoo lilipoteza silabi nzima katikati. Hakugundua, kwa kuwa hasomi, na hakuna aliyemsomea. Aligundua mwaka mtoto wake alipotakiwa kuandikishwa kwa mtihani wa taifa, kwa kuwa jina la mama kwenye cheti cha mtoto halikuwa tena la mama aliyesimama pale. Alirudi kwenye ofisi iliyotoa cheti. Wakamtuma kibandani. Kibandani kijana wa zamani hayupo, na wa sasa akamwambia kwamba ni kompyuta ndiyo ilikosea. Akarudi ofisini, wakasema hivyo hivyo. Aliigeuza karatasi ile mbele na nyuma akitafuta hata alama moja ya mtu aliyeishika. Haikuwepo. Sasa anakusanya faranga za kupeleka shauri tribunali ya amani, pamoja na mashahidi wawili wazee, ili hakimu atamke kwamba yeye ndiye aliyemzaa mwanawe.