Wizi Mgahawani: Daftari Kwanza, Lawama Baadaye

Mwenye mgahawa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, akiona wateja wamejaa na faida haionekani, kwa kawaida huanza kumsaka mwizi. Humwondoa mtu wa kaunta, humleta ndugu kutoka kijijini, na muda si mrefu fedha huanza kupungua tena. Amebadilisha mtu, mwanya ameuacha wazi. Mwaka 1953 mtaalamu wa elimu ya uhalifu wa Marekani, Donald Cressey, alichapisha utafiti juu ya wafungwa walioiba mali walizokabidhiwa. Alikuta mambo matatu yakikutana: shida ya fedha ambayo mtu anaificha, nafasi ya kuchukua bila kuonekana, na sababu ya kujihalalishia. Shida imo moyoni mwa mfanyakazi, lakini nafasi huwekwa na mwajiri mwenyewe. Kinga ya wizi ianzie hapo.

Kuziba nafasi hiyo si wazo jipya: mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, Marekani, alipata hataza ya mashine ya kuhesabu mauzo, kwa kuwa wauzaji wake walikuwa wakitia fedha mfukoni. Nguvu ya mashine ile ilikuwa kwamba hesabu ilitunzwa nje ya mkono wa anayepokea fedha. Mashine za risiti za kielektroniki (EFD), zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010 kwa ajili ya kodi, nazo zinatunza kumbukumbu, lakini zinajua kile tu kilichoingizwa. Sahani iliyotoka bila risiti hazina habari nayo. Vivyo hivyo malipo ya simu: mteja akipewa namba binafsi ya mhudumu badala ya lipa namba ya biashara, mauzo yamepita pembeni. Ndiyo maana kila kumbukumbu ya fedha inahitaji kumbukumbu ya vitu ya kulinganishwa nayo.

Kwenye kaunta ya vinywaji jambo hili ni rahisi, na wengi wanalifanya. Mathalani, asubuhi zilikuwapo soda 30, zikaingia kreti mbili za chupa 24, jumla 78. Usiku zikibaki 41, zimeuzwa 37, na fedha lazima ziwe za soda 37. Jikoni ndiko hesabu inakopotea, na Kagera ina ugumu wake. Ndizi hununuliwa kwa mkungu, na mikungu hailingani. Mpishi akiambiwa atumie mikungu mitatu, hakuna ajuaye zitoke sahani ngapi. Dawa ni kupima kwa mizani ndizi zilizokwisha kumenywa, kupika kwa majaribio siku chache, na kuandika kilo moja inatoa sahani ngapi. Sato anayepakuliwa mzima ahesabiwe kwa idadi; sangara ahesabiwe kwa vipande baada ya kukatwa. Kisha mpishi asipakue bila karatasi ya oda yenye namba, na anayetoa stoo asiwe anayepokea fedha. Usiku oda, fedha na masalio vilinganishwe mbele ya wote, kila mmoja atie saini. Chakula cha wafanyakazi na kilichoharibika viandikwe pia, maana visipoandikwa huwa maficho ya kila upungufu.

Wengine watasema kuna njia fupi: shoti, yaani upungufu wa fedha, ikitokea, wafanyakazi wote wakatwe. Njia hiyo ni haramu, na zaidi ya hapo inazaa wizi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi husika, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Bila daftari mwajiri hawezi kuonyesha kosa ni la nani wala kiasi kilivyokokotolewa. Na mwaminifu anayelipia wizi wa mwenzake amekabidhiwa lile jambo la tatu la Cressey: atajiambia kuwa anachukua tu kilicho chake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mama lishe wa Ngenge au Nshamba mwenye msaidizi mmoja: atagawa vipi majukumu? Hana haja ya kuyagawa yote. Ashike mwenyewe stoo na hesabu ya usiku, msaidizi auze. Daftari moja linatosha. Wapo pia wanaoona kuwa kumhesabia ndugu ni kumvunjia heshima. Lakini asiyehesabiwa ndiye wa kwanza kushukiwa, na saini ya jana ndiyo inayomtetea leo. Kamera nayo inasaidia kuona mkono ulifanya nini, ila haisemi kilo ngapi zilipikwa. Hoja kwamba wizi hutokana na mshahara mdogo au unaochelewa ina ukweli: ujira wa namna hiyo huongeza shida ambayo Cressey aliitaja, na daftari haliponyi njaa. Hivyo mwajiri anayedai hesabu kila usiku, naye alipe kwa wakati kila mwezi.

Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye mgahawa, kabla ya kumfukuza mtu mwingine, nunua mizani na daftari, hesabu kwa mwezi mzima, ndipo useme nani mwizi. Huenda ukagundua kwamba sehemu ya hasara ilikuwa vipimo vibovu, na uliyemfukuza hakuwa na kosa.