Nani Kaingia Ghalani?

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiligusa pwani ya Mafia, na mvua zikakata barabara ya kusini eneo la Somanga, Kilwa. Magari yaliyokuwa yakielekea Lindi na Mtwara yakakwama. Kabla tope halijakauka, Mei 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika, intaneti ikalegea karibu nchi nzima. Siku kama hizo fundi aliyeko Dar es Salaam hawezi kusafiri zaidi ya kilomita 550 kwenda Mtwara kumfungulia akaunti msimamizi mpya wa mtambo wa kuhifadhi data, wala hawezi kungoja ukurasa wenye picha na vitufe ufunguke. Mstari wa amri haudai mengi. Herufi chache zinakwenda, chache zinarudi, na hata laini dhaifu inazibeba.

Mtwara ina sababu nzito ya kulijali jambo hili. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za wakulima zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, na Oktoba 2024 minada ya vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Bei atakayolipwa mkulima wa Newala au Tandahimba sasa imeandikwa kwenye diski. Anayesimamia diski za namna hiyo anaweza kuzifuta, au kuzirudisha zilivyokuwa jana. Kwa hiyo nani anaingia, na kwa jina gani, ni suala la jasho la watu.

Mfano mzuri wa kazi yenyewe ni mitambo ya NetApp inayoendeshwa na programu ya ONTAP. Tuseme mtambo unaitwa mtwara1. Akaunti ya msimamizi mpya inaundwa kwa amri moja:

security login create -vserver mtwara1 -user-or-group-name msimamizi2 -application ssh -authentication-method publickey -role admin

Amri inataja mtambo, jina la mhusika, mlango atakaopitia, namna atakavyotambuliwa, na mwisho madaraka yake. Kuiandika mara moja si kazi. Kuirudia kwenye mitambo tisa, jioni, macho yamechoka, ndipo jina linapokosewa herufi au mtu anapopewa madaraka yasiyo yake.

Skripti inaondoa hatari hiyo. Fundi anatayarisha faili lenye majina ya mitambo, moja kila mstari. Kitanzi, yaani sehemu ya skripti inayojirudia, kinasoma jina, kinafungua SSH, njia salama ya kuingia kwenye mtambo wa mbali, kinauliza kwanza kwa security login show kama akaunti ipo, kinaiunda inapokosekana tu, kisha kinaandika matokeo kwenye faili la kumbukumbu. Hatua ya kuuliza kwanza inaonekana ndogo, lakini ndiyo roho ya kazi: laini ikikatika katikati, skripti inaendeshwa tena tangu mwanzo bila hofu ya kuvuruga kilichokwisha kufanyika.

Kuna mtego ambao umewanasa mafundi wengi. Katika Bash, programu inayoendesha skripti, SSH ikiitwa ndani ya kitanzi cha while read, inameza maandishi yote yaliyobaki kwenye orodha. Mtambo wa kwanza unapata akaunti, majina ya minane mingine yanaishia ndani ya SSH, na kitanzi kinamalizika kimya bila ujumbe wowote wa kosa. Fundi anakwenda nyumbani akiamini amemaliza. Dawa yake ni herufi moja na kistari, -n, inayoizuia SSH kugusa orodha. Na kumbukumbu ihesabiwe kila mara: mitambo tisa, mistari tisa.

Kosa jingine ni kuandika nywila ndani ya skripti. Inabaki kwenye faili lenyewe na kwenye nakala zake rudufu, na ikipitishwa kama sehemu ya amri, mtumiaji mwingine wa kompyuta ile ile anaweza kuiona kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa. SSH yenyewe ilizaliwa mwaka 1995, pale Tatu Ylönen wa Helsinki alipoitengeneza baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Njia salama ni jozi ya funguo: nusu ya siri inabaki kwa mwenyewe, nusu ya wazi inapandikizwa kwa security login publickey create.

Ufundi wote huu unapotea bure ikiwa watu watano wanatumia akaunti moja iitwayo admin. Kenya ililiona hilo mwaka 2015 katika sakata la shilingi milioni 791 za NYS, shirika la vijana la taifa, malipo yaliyopitia IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali. Ofisa mwandamizi alidai nywila yake ilitumiwa na wengine. Mfumo hutaja akaunti, haumtaji aliyekaa mbele ya kibodi. Hakuna mkulima wa Masasi ambaye angekubali stakabadhi iliyosainiwa na "mtunza ghala" asiye na jina.

Madaraka nayo yapimwe. ONTAP inakuja na ngazi kama admin, backup na readonly, na anayetaka ngazi finyu zaidi anaitengeneza kwa security login role create. Mwenye kazi ya kutazama tu hahitaji uwezo wa kufuta.

Halafu kuna uhamisho. Mtumishi anaondoka Mtwara kwenda Nanyumbu au Dodoma, akaunti yake inabaki wazi miaka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, lakini sheria haifungi mlango ulioachwa wazi. Kitanzi kile kile kinaweza kuufunga, kwa tahadhari moja: security login lock inafunga akaunti za nywila tu. Akaunti ya ufunguo iondolewe kwa security login delete.

Tangu toleo la 9.11.1, ONTAP inaweza kudai kibali cha msimamizi mwingine kabla ya amri za hatari, kama kufuta hifadhi nzima. Ofisi yenye fundi mmoja Mtwara inaweza kumweka mwidhinishaji Dar es Salaam. Kundi la waidhinishaji huundwa kabla ulinzi huo haujawashwa, hivyo akaunti zenye majina ya watu halisi ndizo zinazotangulia.